Dawa ya Mtoto Mmoja, Amana ya Watoto Wengi



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, muhula huu, baada ya darsa la Ijumaa, ndugu yetu mmoja anayesomea udaktari hapa Mbarara alituuliza sisi wa masomo ya Kiislamu swali ambalo halikupata jibu siku ile. Alisema: "Tunafundishwa kwamba dawa za kuua bakteria zitumiwe kwa uangalifu, zisije zikaishiwa nguvu. Sasa mbele yangu yuko mtoto mwenye vidonda, analia. Watoto watakaodhurika kesho siwaoni. Je, dini inaniruhusu kumnyima huyu ninayemwona kwa ajili ya wale nisiowaona?"

Mmoja wetu alijibu haraka kwamba huruma ni kumpa dawa iliyo kali kuliko zote. Mwingine akajibu haraka vile vile kwamba maslaha ya wengi hutangulia maslaha ya mmoja, basi asipewe. Majibu yote mawili yalisemwa kwa jina la dini, na kila upande ulikuwa na ushahidi wake. Nimeandika makala haya kwa sababu nadhani yote mawili yana kasoro, na kwa sababu kwangu swali lenyewe haliko mbali: kila likizo nasomesha Qur'ani katika madrasa moja Nakivale, na watoto wenye vidonda hivyo ndio wanaokaa mkekani mbele yangu.

HALI ILIVYO

Kwa asiyefika, Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini mwa Mbarara, kuelekea mpaka wa Tanzania. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalifunguliwa zaidi ya miaka 60 iliyopita kwa ajili ya waliotoka Rwanda. Leo wanaishi humo watu zaidi ya laki moja: Wakongo, ambao ndio wengi, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo. Kila kabila lina lugha yake nyumbani, lakini sokoni, kisimani na msikitini wengi wetu tunakutana kwenye Kiswahili.

Katika madrasa yangu maradhi ya ngozi ni jambo la kila wiki. Wazee huyaita yote "vidonda", lakini ni vizuri tuyatenganishe, maana hukumu ya kitu hutokana na kukijua vyema. Kuna upele, unaoletwa na kidudu kidogo sana kinachochimba ndani ya ngozi na kuwasha hasa usiku. Kuna vidonda vyenye magamba ya rangi ya asali, mara nyingi puani, mdomoni na miguuni, vinavyoletwa na bakteria. Wakubwa wao ni wawili, stafilokokasi na streptokokasi. Na kuna majipu, yenye usaha ndani. Mara nyingi la kwanza huleta la pili: upele unawasha, mtoto anajikuna, kucha zinachubua ngozi, bakteria wanapata mlango. Kisha mtoto huyo analala kitanda kimoja na ndugu zake wanne, wanajifunika blanketi moja, na baada ya siku chache wote wana magamba.

Vingi vya vidonda hivi hupona. Lakini vingine huingia damuni na kumpeleka mtoto hospitali akiwa na homa kali. Streptokokasi wa ngozini nao wana tabia nyingine ya hatari: wiki chache baada ya kidonda, figo za mtoto zinaweza kudhurika, uso ukavimba na mkojo ukawa mweusi kama chai. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba tunajadili jambo dogo la watoto wachafu. Tunajadili uhai, na kuhifadhi uhai ni moja ya makusudio makuu matano ya sharia.

Na tiba ikoje? Serikali ya Uganda iliondoa ada katika vituo vyake vya afya mwaka 2001, na Nakivale kuna vituo vya afya ambamo mkimbizi na mwenyeji wote hutibiwa. Lakini foleni ni ndefu, dawa huisha, na kutoka baadhi ya vijiji ni mwendo wa saa nyingi kwa miguu. Basi mama huenda duka la dawa lililo karibu. Hununua kapsuli za rangi mbili kwa kuhesabu, nne au sita, kadiri ya pesa aliyonayo. Nimeona mara nyingi kapsuli ikifunguliwa na unga wake kumwagiwa juu ya kidonda. Nimeona pia mtoto mmoja akinywa nusu ya dawa na nusu nyingine kuwekwa kwa ajili ya mdogo wake, au kupewa jirani kwa nia njema kabisa.

DAWA INAVYOISHIWA NGUVU

Ili tusihukumu bila elimu, tueleze kwanza usugu ni nini. Katika kidonda kimoja kuna mamilioni ya bakteria, na hawako sawa. Wachache wao, kwa maumbile yao, wanaweza kustahimili dawa fulani. Dawa inapoingia huwaua wale dhaifu, na wale wachache wakibaki huzaliana na kujaza nafasi iliyoachwa. Bakteria pia hupeana uwezo huo wao kwa wao. Basi asiyekuwa na ugonjwa unaohitaji dawa akiitumia, au anayeihitaji akiitumia pungufu, anawapa wale wagumu nafasi ya kutawala. Hawabaki kwake. Wanahamia kwa mwenzake kwa kugusana, kwa taulo, kwa mkeka.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilijua hili mapema. Alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitoa hotuba, na ndani yake akaeleza kisa cha kubuni cha mtu mmoja aliyeumwa koo, akanunua penisilini mwenyewe na kutumia kiasi kidogo ambacho hakikuwaua bakteria bali kiliwafundisha kuizoea. Baadaye akamwambukiza mkewe. Mke akapata homa ya mapafu, akapewa penisilini, haikufaa kitu, akafa. Fleming aliuliza ni nani aliyesababisha kifo kile, na hakuona taabu kumtaja mume. Swali lake lilikuwa la tabibu, lakini mwanafunzi wa fiqhi atalitambua mara moja: ni mlango wa dhamana, wa mtu aliyesababisha madhara bila kuyakusudia.

Historia imefuata njia ile aliyoionya. Leo stafilokokasi walio wengi duniani hutengeneza kitu kinachovunja penisilini na ndugu yake amoksilini. Ndiyo maana madaktari, wanaposhuku stafilokokasi, hupendelea kloksasilini au nyingine iliyoundwa kustahimili uvunjaji huo. Methisilini ilitengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, ikaanza kutumika mwaka 1959, na kufikia 1961 stafilokokasi wasioijali walikuwa wamekwisha onekana Uingereza. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na mmoja kati ya kila watano wao alikuwa mtoto chini ya miaka mitano. Mzigo huu uko mzito zaidi kwetu, Afrika kusini mwa Sahara, kuliko kwa wale waliotumia dawa nyingi kutuzidi.

Kwa hiyo dawa hizi ni mali ya namna ya pekee. Nikila chakula changu chote, jirani hapungukiwi na ladha ya chake. Nikitumia dawa hizi ovyo, nguvu ya dawa iliyo katika kabati la jirani inapungua, hata kama hajawahi kuniona. Neno letu kwa kitu kilicho mkononi mwangu lakini kina haki ya mwingine ndani yake ni amana.

JAHAZI LA IMAM AL-GHAZALI

Sasa turudi kwenye swali. Ikiwa dawa ni amana ya wengi, je, si wazi kwamba mtoto mmoja atolewe ili wengi wapone?

Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilijadili jambo linalofanana na hili katika kitabu chake al-Mustasfa, mlango wa maslaha. Alitoa mfano wa watu walio jahazini, na jahazi linakaribia kuzama. Wakimtupa mmoja wao baharini, waliobaki wataokoka. Je, wamtupe? Al-Ghazali alisema hapana. Kwake, maslaha hayawezi kuruhusu jambo zito namna hiyo mpaka yatimize masharti matatu: yawe ya dharura kweli, yawe na yakini, na yawe ya umma wote kwa jumla. Watu wa jahazi moja si umma wote, na wingi wao peke yake hauwapi haki juu ya roho ya mwenzao.

Tumpime mtoto wetu kwa mizani hiyo. Mtoto wa miaka mitatu ana kidonda kinachoenea, uso umevimba, homa iko juu, na dawa za kawaida zimeshindwa. Kumnyima dawa inayoweza kumwokoa ili dawa hiyo ibaki na nguvu kwa ajili ya wengine ni kumtupa baharini. Madhara yake yeye yana yakini. Faida kwa wale wengine, kwa dozi moja hiyo iliyozuiwa, ni dhana. Kwa hiyo jibu la ndugu yetu wa pili, aliyesema maslaha ya wengi hutangulia, halifai mahali hapa. Mtoto mgonjwa anayeihitaji dawa ana haki nayo, hata ikiwa ni ile ya akiba. Akiba huwekwa kwa siku kama hiyo.

Lakini hapa ndipo inapobidi tuwe makini, maana jibu la ndugu yetu wa kwanza nalo linaanguka kwa mizani ile ile. Mtoto mwenye jipu dogo, bila homa, anahitaji nini? Jipu lililoiva linahitaji kupasuliwa na mhudumu mwenye chombo safi, usaha utoke; mara nyingi dawa ya kumeza haihitajiki kabisa. Mwenye magamba mawili au matatu puani huoshwa kwa maji na sabuni na kupewa dawa ya kupaka. Mwenye upele anahitaji dawa ya upele, yeye na wote anaolala nao. Kapsuli ya kuua bakteria haimgusi yule mdudu hata kidogo. Ukimpa mtoto huyu sindano kali ya hospitali, hukumpa kitu ambacho mwingine amenyimwa. Umempa kuhara, au mzio, na bakteria wagumu ngozini mwake watakaomsubiri siku atakapougua kweli. Hilo ni israfu iliyovaa kanzu ya huruma.

Basi tunagundua kwamba swali lilivyoulizwa lilificha kitu. Lilituonyesha mtoto wa leo na mtoto wa kesho wakigombania dawa moja. Katika hali zilizo nyingi hawagombani. Kinachomfaa mtoto wa leo, yaani kujua ana ugonjwa gani na kupewa kinachoulingana, kwa kiasi chake na siku zake, ndicho hicho hicho kinachomhifadhi mtoto wa kesho. Ugomvi wa kweli uko katika hali chache, na katika hizo aliye mgonjwa mbele yetu hatolewi kafara. Imam Izz al-Din ibn Abd al-Salam, aliyefariki mwaka 1262, aliilinganisha sharia na utabibu kwa kuwa vyote viwili vimewekwa ili kuleta manufaa na kuondoa madhara. Tabibu anayepima kabla ya kutoa, na akatoa bila kusita inapostahili, yuko ndani ya maana hiyo.

Shirika la Afya Duniani limezipanga dawa hizi katika makundi matatu tangu mwaka 2017: zinazofaa kutumika kwanza, zinazohitaji kuangaliwa, na za akiba. Mwezi Septemba 2024, nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana New York kwamba kufikia 2030 angalau asilimia 70 ya dawa hizi zinazotumiwa na binadamu ziwe za kundi la kwanza. Mpango huo haumtupi mtu baharini. Unapanga foleni, na foleni ya haki humruhusu mgonjwa mahututi kupita mbele.

WA JUU NA WA CHINI

Mtu ataniambia: "Maneno mazuri, lakini mama wa Nakivale ana shilingi elfu mbili, hana kipimo, hana daktari. Unamhukumu vipi?"

Mama mmoja wa Kikongo, mzazi wa mwanafunzi wangu, aliwahi kuniletea kapsuli mkononi akaniuliza: "Maalim, hii ni ya kumeza ao ya kumwanga juu?" Nilimwambia tuende kituo cha afya. Akacheka, akasema: "Na maji nani atachota?" Jibu hilo limenifundisha kuisoma upya hadithi moja tunayoijua sote.

Ni ile iliyopokewa na Nu'man bin Bashir (R.A.) katika Sahih al-Bukhari. Mtume (S.A.W.) alipiga mfano wa watu waliopiga kura kugawana nafasi katika safina, wengine wakapata juu, wengine chini. Wa chini walipotaka maji iliwabidi wapite kwa wale wa juu. Wakafikiri: tukitoboa tundu katika sehemu yetu, hatutawasumbua wenzetu. Mtume akabainisha kwamba wa juu wakiwaacha, wote wataangamia. Wakiwashika mikono, wote wataokoka.

Hadithi hii husomwa sana katika mawaidha ya kukataza maovu, na ni sawa. Inafaa pia kabisa kwa usugu wa dawa: anayetumia kapsuli ovyo anatoboa sehemu yake tu, na maji yanaingia kwa wote. Lakini tutazame ni nini kilichowafanya wa chini wafikirie kutoboa. Walikuwa na kiu. Walikuwa wanaona haya kuwasumbua wa juu. Nia yao haikuwa mbaya. Na wale wa juu, wenye njia ya maji, wanaambiwa wawashike mikono. Je, utamshika mtu mkono asitoboe, kisha umwache na kiu yake pale pale? Atatoboa usiku utakapolala. Mimi nafahamu kwamba kushika mkono kunakoendelea ni kule kunakoambatana na kumpitishia maji.

Na ajabu ni kwamba kwa vidonda vya ngozi, maji si mfano tu. Ni maji kweli. Lengo la UNHCR ni angalau lita 20 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu saba, hesabu yake ni jerikeni saba, kila siku, juu ya kichwa cha mama au cha binti aliyepaswa kuwa madrasa. Kupika kwanza, kunywa, kufua nguo za mtoto mchanga. Kuoga kwa sabuni kunakuja mwisho. Mwezi Mei 2025 WFP, kwa kukosa fedha, iliondoa msaada wa chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda. Familia iliyokuwa inauza sehemu ya posho ili inunue sabuni, sasa itauza nini? Atakayemwambia mama huyu "maliza dozi" na asimwambie lolote lingine, amemhutubia mwenye kiu juu ya ubaya wa kutoboa.

Ushahidi kwamba maji na sabuni ni tiba tunao. Katika mitaa ya maskini ya Karachi, Pakistan, familia zilipewa sabuni na kufundishwa kunawa mikono. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha vidonda vya magamba kwa watoto vilipungua kwa asilimia 34. Katika visiwa vya Fiji, jamii nzima ilipewa dawa ya upele ya kumeza, ivamektini, na matokeo ya mwaka 2015 yakaonyesha upele ulipungua kwa asilimia 94, na vidonda vya bakteria navyo vikapungua kwa asilimia 67, ingawa dawa ile si ya bakteria. Kila mtoto asiyepata kidonda ni dozi moja isiyohitajika. Hakuna hifadhi bora ya amana hii kuliko hiyo.

NANI ANABEBA DHAMANA

Kwa hiyo, mama ana lawama? Allah haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Aliyenunua kapsuli nne kwa sababu pesa iliishia hapo, na hakuna aliyemweleza, hana dhambi ya kile asichokijua na asichokiweza. Fleming alimnyooshea kidole mume wa kisa chake. Mimi, nikiwa Nakivale, siwezi kumnyooshea mama huyu kidole.

Muuza dawa yuko mahali pengine. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba anayetibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Muuza duka anayemwuzia mama kapsuli za kumwaga juu ya upele, akijua hazifai, amekula mali yake kwa batili na kuwadhuru wengine juu yake. Lakini yule anayemwambia mama, "Mama, hii siyo ya kununua kwangu, nenda kituoni," na akapoteza faida ya siku ile, amefanya ibada ambayo hakuna atakayemwona akiifanya isipokuwa Mola wake.

Iliyo kubwa zaidi ni dhamana ya wa juu: serikali, mashirika, vyuo, na sisi. Fikirini tofauti hii. Mtoto wa mwenye uwezo mjini akipata jipu lisilopona, usaha wake hupelekwa maabara, na baada ya siku chache daktari anajua ni bakteria gani na dawa gani inamweza. Mbarara tuna hospitali ya rufaa, tuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, tuna kituo cha utafiti cha Epicentre. Elimu hiyo iko umbali wa safari ya gari kutoka Nakivale. Mtoto wa mkimbizi yeye hubahatishiwa: dawa ya kwanza, ikishindwa ya pili, ikishindwa ya tatu. Kanuni ya fiqhi inatufundisha kutoiacha yakini kwa shaka, lakini maskini wetu amepangiwa maisha ya shaka, kisha tunamlaumu kwa usugu unaotokana na kubahatisha huko. Kuwafikishia vipimo watoto hawa, hasa wale ambao dawa mbili zimekwisha shindwa, ni haki yao, na ni faradhi kifaya juu yetu: wasipoifanya wowote, wenye uwezo wote wana dhambi.

TUFANYE NINI

Ndugu zangu wa jumuiya, hatuwezi kujenga maabara. Lakini yako yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, madrasa na misikiti. Kukata kucha ni katika maumbile safi aliyotufundisha Mtume (S.A.W.), na muda wake umepewa mwisho wa siku 40. Arobaini ni ukomo. Kwa mtoto anayejikuna, kila Ijumaa ni bora. Walimu tuweke mkasi na sabuni madrasani, tuzuie taulo la pamoja, mikeka ianikwe juani. Na tusimfukuze mtoto mwenye upele kwa kumwaibisha. Ahudumiwe pamoja na nyumba yake yote, arudi.

Pili, elimu kwa lugha za watu. Wanafunzi wa udaktari na wauguzi walio kati yetu wafike Nakivale angalau mara moja kila muhula, wazungumze kwa Kiswahili, Kisomali, Kinyarwanda na Kirundi baada ya swala. Wafundishe dalili za kutokusubiri: homa, uvimbe karibu na jicho, wekundu unaoenea haraka, mtoto kukataa kunyonya au kulegea, uso kuvimba, mkojo kuwa mweusi. Wafundishe kwamba jipu halikamuliwi nyumbani, na kwamba dawa iliyoandikwa na mganga hutumiwa kwa kiasi na siku alizoandika, wala haigawanywi.

Tatu, sadaka. Tumezoea kuchangia futari na mikeka. Tuchange pia sabuni, nauli ya mtoto anayepewa rufaa kuja Mbarara, na dozi kamili pale kituo kinapoishiwa. Sadaka ya nusu dozi ni hatari kuliko kutotoa. Ikiwa tunatoa, tutoe iliyotimia.

Kwa muhtasari: aliye mgonjwa na anaihitaji dawa, apewe, wala asitupwe baharini kwa ajili ya hesabu zetu. Asiyeihitaji asipewe, hata akilia, bali apewe kinachomfaa. Na tusiseme kwamba tumewashika mikono wa chini mpaka tuwe tumewapitishia maji.

Tunamwomba Allah (S.W.) awaponye watoto wetu, awabariki wanaowauguza, na atujaalie tuzitekeleze amana tulizobebeshwa. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.